Wanangu, mkitoka kwenye operesheni ya titi msivumilie tu

Wanangu wapendwa, nyie mliotoka kwenye operesheni ya kansa ya titi juzi juzi na nyie mnaosubiri siku yenu, nimeona niwaandikie wote kwa pamoja mana kila nikiongea na mmoja mmoja nasikia neno lile lile, "navumilia tu mama." Hilo neno ndo limenikalisha chini leo.

Mvumilivu hula mbivu, sikatai, ila mimi kuvumilia ndo kulikonikakamaza mkono. Nilitolewa titi la kushoto na tezi za kwapani, nikapewa vidonge vya maumivu nikawa navitunza eti mpaka yanishinde kabisa. Sasa mtu ukiumwa unaubana mkono ubavuni, huusogezi, wiki tatu zikapita, siku nataka kuchana nywele mkono umeishia usawa wa bega. Afu nikapapasa kwapani nikakuta kitu kama uzi uliokaza chini ya ngozi, umeteremka mpaka karibu na kiwiko, nikajua kansa imerudi, nililia usiku kucha. Kumbe wala, ule uzi huwatokea wengi waliotolewa tezi na unalegea kwa mazoezi ya kunyoosha mkono taratibu, ukielekezwa na mtaalamu wa viungo.

Kwa hiyo meza dawa kwa saa ulizoandikiwa, ili mkono upate kusogea. Zile kali za jamii ya mofini zinafunga choo, kunywa maji na omba ya kulainisha mapema. Ule mrija wa kutolea maji ya kidonda ukiwa bado umo, wengi huambiwa wasipandishe mkono kupita bega, we fuata ulivoambiwa, ila kufumba na kufumbua ngumi unaweza. Ukiruhusiwa, simama uangalie ukuta, vidole vipande pole pole kama buibui, weka alama ya penseli pale ulipofika, kesho jaribu kuipita kidogo tu. Ukisikia kuvutwa ni sawa, ukisikia kuchomwa simama.

Maji ya kwenye mrija siku za kwanza ni mekundu, yanapauka yanakuwa ya pinki halafu njano njano, ndo inavotakiwa. Pima kila siku uandike, mana mara nyingi wanautoa yakishuka chini ya kama mililita 30 kwa siku. Kile kichupa cha mwisho wa mrija kinachopokea maji kibanie kwenye nguo kwa pini, kikining'inia kinavuta pale kwenye nyuzi. Na mrija ukishatolewa, maji yanaweza kujikusanya tena, unabonyeza kifuani unasikia yanacheza ndani. Usitoboe, yakiwa kidogo mwili unayanywa wenyewe, yakikusumbua rudi wayavute kwa sindano.

Kuvimba wiki za mwanzo ni kwa sababu ya kidonda, laza mkono juu ya mto uwe juu kidogo ya usawa wa moyo, na mto mdogo kwapani unasaidia sana usiku. Ila barafu na chupa ya maji moto jihadharini nazo jamani, pale pana ganzi, ngozi inaungua na wewe husikii kitu.

Kuna kuvimba kwingine ambako ndo nakuogopa zaidi, kwa mkono wenyewe, kwa sababu tezi zilizokuwa zinapitisha maji ya mwili zimetolewa. Huku kunaweza kuja baada ya miezi au hata miaka, na kunaanza kimya kimya: pete inabana, mkono wa blauzi unakaza upande mmoja, mkono unakuwa mzito bila kazi, unabonyeza kidole na kishimo kinabaki. Hapo usingoje klinik ya mwezi ujao, kukiwahiwa kunatulizwa, kukiachwa ngozi inakuwa ngumu. Ile soksi ya mkono, ya kubana uvimbe, upimwe na mtaalamu, usiazime ya mwenzio hata kama mnalingana. Na ukilima au ukiosha vyombo vaa glavu, kamkato kadogo tu kanaweza kuleta maambukizi.

Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, usaha ukitoka, au homa ikifika 38, nenda siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hata kama ni usiku wa manane waamshe watu wakupeleke, usiogope kuwasumbua.

Ni mimi mama yenu