Kabla mtoto hajamshika paka

Mhariri,

Shule zikifungwa, watoto hushinda nyumbani na paka hukosa pa kulala. Sisi tunaotibu wanyama wa nyumbani hapa Mombasa tunaomba nafasi kidogo tuzungumze na wazazi, kwani mafunzo tunayowapa watoto ni mawili tu. Kwa paka ni "mchukue, hana neno". Kwa mbwa ni "mbio!" Yote mawili huishia kwenye damu.

Tuanze na paka. Huyo asiye na neno mara nyingi analo, ila amechoka kulisema. Mtoto wa miaka mitatu humbeba kwa kumkwida chini ya makwapa, miguu ya nyuma ikining'inia. Mbavu zinabanwa, uzito wote unaangukia mabegani, na paka hurusha miguu akitafuta pa kukanyaga. Pa kukanyaga ni tumbo la mtoto. Hapo husemwa paka ana roho mbaya, apigwe kandambili.

Mtoto aketi kwanza mkekani, paka aje mwenyewe. Akifika, mtoto anyooshe kidole kimoja, kimo cha pua ya paka, angoje anuswe. Paka akisugua shavu, akunwe shavuni na chini ya kidevu. Tumbo, mkia na nyayo viachwe. Ahesabu moja, mbili, tatu, kisha aondoe mkono. Paka akiusogelea mkono, aendelee; akitulia tu kama gogo, au akigeuza uso, basi. Watoto huupenda mchezo huu wa kuhesabu kuliko makatazo, na ndani yake wanajifunza kumuuliza mnyama na kungoja jibu.

Kubeba kusubiri mpaka mtoto afike miaka sita au saba hivi: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili uyabebe makalio, paka aegemezwe kifuani. Wa chini ya umri huo apakate akiwa ameketi. Kumnyanyua paka mzima kwa ngozi ya shingo, eti ndivyo mamake alivyombeba, ni kumuumiza. Mamake alibeba kitoto cha gramu mia chache, si paka wa kilo nne.

Dalili za kuchoka zinasomeka hata na mtoto wa chekechea akionyeshwa: mkia unaopigapiga sakafu, ngozi ya mgongo inayotetemeka, masikio yanayolala nyuma. Kukoroma pekee si ushahidi wa raha. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali, nasi tunawasikia mezani petu.

Kila mtoto wa madrasa anaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa. Sehemu ya chakula hufundishwa vizuri. Sehemu ya pili, kwamba hakumwacha atoke ajitafutie vidudu vya ardhini, hupitwa haraka. Basi katika nyumba zetu za Mji wa Kale, vyumba vidogo na ngazi nyembamba, paka apewe pa kukimbilia: juu ya kabati, kwenye dirisha, chini ya kitanda. Aliyeingia chini ya kitanda hatolewi, si kwa mkono, si kwa ufagio. Vivyo hivyo anayekula, anayelala na anayenyonyesha. Watoto wa paka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Kabla ya hapo waachiwe mama yao. Wala wasigawiwe majirani kabla ya wiki 8, kwani aliyetengwa mapema hakufunzwa na nduguze kipimo cha kung'ata.

Vidole visiwe kitu cha kuchezea. Fungeni kipande cha kitambaa kwenye ukindu, paka akifukuze hicho, kisha kiwekwe mbali mchezo ukiisha. Uzi uliomezwa hukunja utumbo na dawa yake ni kupasuliwa.

Kazi nzuri ya mtoto ni maji: bakuli lioshwe na kujazwa asubuhi na jioni, kwa joto letu hili. Maziwa ya ng'ombe hayana haja, paka wengi wakubwa huharisha kwa sababu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali, isitupwe chini ya meza. Na mtoto aambiwe waziwazi kwamba dawa za watu si za paka. Nusu kidonge cha panadoli kinatosha kumuua.

Mbwa ana mambo yake. Nyumba nyingi hapa hazifugi mbwa, lakini mtoto atakutana naye tu, langoni kwa jirani au njiani akienda madrasa alfajiri. Akikimbia, anafukuzwa. Asimame wima kama mnazi, mikono ubavuni, asimtazame machoni, asipige kelele. Mbwa akichoka kunusa mara nyingi huondoka. Akiangushwa, ajikunje, afunike shingo na masikio. Kwa mbwa wa nyumbani, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi na kukaza mwili ni maombi ya kuachwa. Kunguruma ni onyo la mwisho. Anayempiga mbwa kwa kunguruma anamfunza kung'ata bila onyo, na kosa hilo hufanywa na baba zaidi kuliko watoto.

Jeraha likitokea, la mbwa au la paka, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa ikitazamwa. Pilipili, mafuta ya taa na majivu visikaribie. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakiponi. Mbwa au paka mwenyewe asiuawe ovyo. Afungiwe na aangaliwe siku 10, na akibadilika au akifa daktari aambiwe. Mtoto asingojeshwe siku hizo ziishe ndipo apelekwe kuchanjwa.

Haya yote yanategemea mtoto kusema kwamba ameng'atwa. Aliyezoea kupigwa kwa kucheza na mbwa atavuta soksi juu ya jeraha na kunyamaza.

Wahudumu wa wanyama,
Tudor, Mombasa