Tusiwalazimishe watoto wenye usonji kutukazia macho

Mhariri,

Wapo walimu huku Jinja, Uganda, wanaomshika kidevu mtoto mwenye usonji (autism, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na watu) na kumwamuru, "Nitazame ninaposema nawe!" Mtoto huyohuyo nyumbani, akipiga magoti kumwamkia mgeni, hufunzwa kuinamisha macho kwa heshima. Sasa ashike lipi?

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifuatilia macho ya vijana wenye usonji wakitazama filamu. Vijana hao waliangalia macho ya wahusika kidogo tu. Zaidi walitazama midomo, miili na vitu. Jeuri iko wapi hapo? Watu wazima wengi wenye usonji husema kukaziana macho huwachosha, hata usikivu ukapungua.

Kwetu, basi, macho yaliyoinama hayatoshi kumtambulisha mtoto kuwa ana usonji. Mzazi aangalie mengine: akiitwa jina, hugeuka? Akifika miezi 18, huonyesha kwa kidole ndege inayopita, kisha akamgeukia mama kuona kama naye ameiona? Ikiwa sivyo, apelekwe kliniki mapema, majirani waseme watakavyo kwamba "atakua tu". Na darasani aachwe atazame dirishani, mradi anajibu.

Mwalimu wa chekechea,
Jinja