Moduli si feki, ina njaa ya umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Moduli ndogo za redio, zile wanazofunga vijana kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoprogramiwa, ili tangi la juu ya paa liipe taarifa pampu ya chini, hurudishwa dukani kwa madai kwamba ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila nyingi zinazosingiziwa ni nzima. Zimenyimwa umeme au antena.

Tuanze na nRF24L01+, moduli ya gigahezi 2.4. Inataka volti 1.9 hadi 3.6. Ukiipa volti 5 kwenye VCC, pini yake ya umeme, umeiua, ingawa pini zake za data huvumilia 5. Ile yenye antena ya nje na kikuza nguvu hunyonya takriban miliampea 115 inaporusha, wakati pini ya 3.3V ya Arduino Uno imehesabiwa kwa miliampea 50 tu. Hapo ndipo mtu anapodanganyika: moduli inawaka, inajibu ikisomwa, lakini kila ikitaka kurusha volti inaporomoka na uthibitisho kwamba ujumbe umefika haurudi. Maltimita haikuonyeshi kitu, maana mporomoko ni wa kufumba na kufumbua. Weka kidhibiti volti cha AMS1117-3.3 kinacholishwa volti 5, na kapasita ya mikrofaradi 10 hadi 100 iliyolehemiwa kwenye miguu ya moduli yenyewe, upande wenye mstari ukielekea GND, yaani hasi. Ukiipachika mwisho wa bredibodi, ile bodi ya majaribio isiyolehemiwa, waya mwembamba ulio katikati unakula faida yote.

Umeme ukishakaa sawa, soma rejista, vile vihifadhi vya mipangilio ndani ya moduli. Zikirudi sifuri tupu au FF tupu, kagua nyaya za SPI, zile za data kati ya Arduino na moduli, usihangaike na kingine. Zikisomeka vizuri na ujumbe bado haufiki, punguza kasi ya kutuma data. Kwa 2 Mbps risiva, yaani upande unaopokea, husikia mawimbi dhaifu hadi dBm -82. Kwa 250 kbps hufika -94. Hizo desibeli 12, mahali peupe, ni umbali mara nne. Kimo cha maji ni baiti mbili. Mbio za nini? Chaneli nayo ichaguliwe: namba yake hujumlishwa na 2400, hivyo 78 ni megahezi 2478, juu ya Wi-Fi ya chaneli 11 inayoishia karibu 2473. Na mnapojaribu mezani, wekeni nguvu ya chini kabisa na mzitenganishe mita mbili au tatu. Zenye kikuza nguvu zikikaribiana sana huzibana masikio.

Moduli za megahezi 433, zile za bei ya chai, huuzwa bila antena, na mnunuzi huzitumia hivyohivyo, kisha hulalamika kwamba hazivuki ukuta. Kata waya mgumu wa shaba sentimita 17.3, ambayo ni robo ya wimbi, uulehemu kwenye tundu la ANT, usimame wima pande zote mbili. Usiukunje ndani ya boksi la bati wala usiuegemeze kwenye tangi lililojaa. Jambo lingine: risiva hizi hazinyamazi. Pasipo mtu anayerusha, hujiongezea usikivu mpaka zinatema takataka kwenye pini ya data. Ukiipeleka pini hiyo moja kwa moja kwenye relei, pampu itajiwasha usiku wa manane. Programu itume kwanza mapigo ya kuamsha risiva, kisha namba ya utambulisho, data, na hesabu ya kuhakiki mwishoni. Kisichotimia kitupwe.

LoRa, aina nyingine ya moduli za redio, inafika mbali zaidi, lakini usiiruhusu irushe kabla ya kufunga antena. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi na inaweza kuunguza hatua ya mwisho.

Kubwa zaidi kwangu ni masafa ya mawimbi, yaani frikwensi. Moduli za megahezi 915 zimetengenezwa kwa bendi ya Marekani, 902 hadi 928. Huku kwetu simu za GSM 900 hutuma kwenda mnarani kati ya 890 na 915. Anayefunga moduli hiyo bila kujua anaweza kuwa anapiga kelele kwenye sikio la mnara, na "haihitaji leseni" iliyoandikwa kwenye pakiti ni sheria ya huko ilikotoka. Wauzaji waandike masafa kwenye kila pakiti na kwenye risiti, na mnunuzi aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kwa wenzetu wa Kenya, kabla ya kulipa.

Fundi msomaji,
Mwanza