Maharage yanaonewa katika vidonda vya tumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri ambao wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo hupewa kabla hata hawajapimwa: acha maharage, acha pilipili na ndimu, kunywa maziwa, punguza mawazo.

Mama yangu mzazi aliufuata ushauri huo kwa miaka sita. Kwetu Njombe maharage ndiyo mboga ya siku nyingi, hivyo yeye alibandikiwa sufuria yake ya viazi, na jioni akapewa kikombe cha maziwa ya moto huku sisi tukila. Alikonda, lakini tumbo halikuacha kumwamsha usiku wa manane. Alipotapika damu tulimkimbiza hospitali, na daktari aliyempokea akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: “Mama, kuna dawa nyingine unazomeza?” Akafungua pindo la khanga, akatoa kibahasha cha karatasi cha duka la dawa. Ndani mlikuwa na vidonge vya diklofenaki, ambavyo alikuwa akivimeza karibu kila siku kwa ajili ya magoti.

Dawa za maumivu za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hudhoofisha kinga inayozuia tindikali ya tumbo isiule ukuta wa tumbo lenyewe. Hicho ni kimoja kati ya vyanzo viwili vikubwa vya vidonda. Cha pili ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Robin Warren na Barry Marshall walimtambua nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa wenzao wengi hawakukubali kwamba bakteria anaweza kustawi ndani ya tindikali, mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache akaugua, ukuta wa tumbo lake ukiwa umevimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo mgonjwa bado anaambiwa kwamba kosa ni la maharage.

Sikatai kwamba yupo anayejaa gesi akila maharage, au anayeungua kifuani akila pilipili. Huyo na apumzike navyo. Ninachokataa ni kuufanya mwiko huo kuwa ndiyo tiba, kwa sababu chakula hicho hakimleti bakteria wala hakimwondoi. Maziwa nayo hupoza kwa muda tu, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi. Na kwa familia inayoona nyama wakati wa sikukuu, kumnyima mgonjwa maharage ni kumnyima protini pekee anayoimudu, tena wakati mwili wake unaihitaji zaidi.

Mama alipimwa choo, akakutwa na bakteria pia. Alipewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali kwa siku 14, akazimaliza zote, na diklofenaki akaachishwa. Nasisitiza kipimo cha choo kwa sababu kile cha damu huonyesha kingamwili, ambazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishaondoka, na hivyo mtu aliyekwisha kupona anaweza kuanzishiwa dozi upya bila sababu.

Kwa hiyo nawaomba waganga, wauguzi na hasa wauzaji wa maduka ya dawa, ambao ndio wengi wetu huwaendea kwanza, wamuulize mgonjwa anameza nini na wamwelekeze akapimwe kabla ya kumtajia chakula cha kuacha. Mzee anayekuja kila wiki kununua vidonge vya magoti aulizwe habari za tumbo lake, na aambiwe waziwazi kwamba akiona choo cheusi kama lami asisubiri kupambazuke.

Mwalimu mstaafu,
Njombe