Barua ya wazi kwa akina mama wa kikundi chetu: Mlipika pilau, wakagawa bonde

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Salamu ziishie hapo, maana nina jambo limenikaa kooni tangu ule mkutano.

Uliitishwa Mkutano Mkuu wa Kijiji kuzungumzia bonde la mpunga na mgeni aliyelitaka. Nyie, kikundi kizima cha kutetea haki za wanawake, mlikuwa wapi? Nyuma ya ofisi ya kijiji, na sare zenu mpya za kitenge, mnapika pilau ya wageni. Wachache waliobaki mkutanoni walikaa mkekani nyuma kabisa, wanaume wamejaa kwenye mabenchi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Baadaye likapita daftari. Mkaitwa jikoni mmoja mmoja, vidole vina mafuta, mkaandika majina na kuweka dole gumba. Mkaambiwa ni mahudhurio tu, ya kugawia soda. Juu ya karatasi hapakuwa na neno hata moja. Leo mnashika vichwa kusikia majina yenu yameambatanishwa kwenye muhtasari unaosema wananchi wameridhia. Na mjane mwenzenu, ambaye eka zake mbili zimo ndani ya ule mpaka, analia mlango kwa mlango.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Mkutano Mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye kanzu na mwenye kanga. Mngekuwa hamna maana, nani angewafuata jikoni na daftari?

Basi likija tena, lisomeni. Kama halina kichwa, andikeni wenyewe: mahudhurio, mkutano wa tarehe fulani. Mistari iliyobaki mitupu ipigwe kalamu, asije mtu akajaza usiku. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake wa kikundi, si na mwenyekiti. Kura ikipigwa, mikono ihesabiwe na idadi itajwe kwa sauti. Muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, kisha upigwe picha. Simu mnazo, mbona za kupiga picha za sare hamzikosi! Na kaeni mbele. Pilau wapike wao, au wageni waje wameshiba.

Najua kwa nini mnanyamaza, wanangu. Mkwe yuko pale, shemeji yuko pale, mume anakutazama. Ukisema leo, kesho unaambiwa umeota mapembe. Ndiyo maana nasema msiende mmoja mmoja. Kubalianeni usiku wa kuamkia mkutano nani atasema, nani atamuunga mkono, na nani atauliza swali likipuuzwa. Mtu mmoja hunyamazishwa kwa kicheko. Kumi waliojipanga hawachekeki.

Mengine nayataja tu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu: chagueni wenye ulimi. Cheti cha hakimiliki ya kimila kiandikwe majina mawili, la mume na la mke. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yako, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa mikopo, nne ni za wanawake: kopeni, lakini hisa na marejesho visiwe ndiyo ajenda pekee ya kikundi.

Na msiniambie mila ndivyo ilivyo. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake akampinga mahakamani kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisema huo ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba wajane wawili wa nchi hii walinyimwa haki kwa kanuni za mila zilizoandikwa tangu 1963. Wazee wa ukoo wanaokariri mila siku ya mirathi, siku ya kumuuguza marehemu hawaonekani! Na nyie wa miradi, mnaokuja na semina, posho na kamera, mkishapata picha ya akina mama wakipiga vigelegele mnaondoka. Siku ya mkutano wa bonde sikuona gari lenu.

Sasa mkutano wa robo mwaka unakuja. Ajenda ya kwanza huwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo hapo nyoosheni mikono. Semeni: hatukuridhia, tulisaini mahudhurio, na iandikwe hivyo. Mjane wetu akae katikati yenu. Mtendaji akikataa kuandika, pelekeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa mkuu wa wilaya, majina yote chini. Na msitoke masijala kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.

Bibi yenu