Shoga, nisomee hii barua ya barabara kabla ya Ijumaa

Shoga yangu wee,

Za siku, za kazi, na joto la huko Dar? Huku Kondoa sote wazima, mama anakusalimu sana na anauliza lini utakuja kula mlenda wake. Basi salamu zitoshe maana nina shida na wewe na ni ya haraka.

Ile barabara yetu ya kushukia Kolo kuifuata lami unaijua. Sasa baada ya hii masika ukiiona utalia. Wazee waliandika barua ya kuomba itengenezwe, wakaipeleka ofisini, ikarudi. Yule kijana aliyeipokea wala hakuwa na ubaya, aliuliza tu, mmeandika "barabara ni mbovu sana na haipitiki", mbovu wapi, mbovu vipi? Hakuna aliyemjibu. Kikao kikasema barua mpya niandike mimi, na baba yako mdogo ndo alinipendekeza kwa sauti kubwa kabisa, si unamjua.

Nikachukua daftari nikaipita yote kwa mguu mpaka lami. Na shoga nakwambia, huko njiani hakuna kitu kinaitwa ubovu. Kuna mambo mbalimbali na kila moja lina tiba yake. Pale kwenye mwembe mkubwa ni korongo, maji ya kilimani yamekata njia, ukisimama ukingoni mtu aliye chini unamwona kichwa tu, na ukingo wenyewe unameguka ukiusogelea. Hapo hata ulete kifusi lori ngapi mvua moja tu kimeenda, panataka kalavati na gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe. Ukishuka bondeni ni tope, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, jua likiwaka unapasuka nyufa mkono unaingia, mvua ikinyesha unashika tairi mpaka linakuwa duara la udongo haligeuki tena. Hapo ndo panataka tuta linyanyuliwe na kifusi. Halafu ule mteremko wa shuleni hauna shimo hata moja! Ni utelezi mtupu, udongo mwekundu umelainika kama sabuni, bodaboda zinaserereka na abiria, mama mmoja mjamzito walimshusha akapanda kwa miguu huku kashikwa mikono huku na huku. Pale changarawe tu ingetosha. Na kuanzia kisimani kuja lami ni vile vijimatuta vidogo vidogo vinavyotetemesha gari mpaka bolti zinalegea, kazi ya greda siku moja.

Sasa haya yote ukiyaita "mbovu" ofisini wataleta nini? Wataleta greda, litakwangua, litaondoka, na korongo litabaki linatungoja. Ndo maana nang'ang'ania haya maneno shoga, mtu asidhani najishaua.

Na sisi wa Kondoa ndo hatuna udhuru kabisa wa kutojua kuyataja. Mababu zetu hapa waliishi na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, ng'ombe, mbuzi, kila kitu. Bibi alikuwa akisimulia siku ile ng'ombe walivyotolewa anashika kifua. Wale wazee wanakutajia makinga maji, matuta, wapi maji yalipita na wapi yalituama, mpaka leo miti imerudi vilimani na wao bado wanaweza kukuonyesha korongo lilipoanzia. Halafu sisi tuliosoma tunaandika "mbovu".

Tena kumbuka yale maafa ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, pale Katesh. Siku zile za mwanzo watu simu hazikukauka, wengine wanasema volkano imelipuka, wengine tetemeko, mama hapa akataka tufunge mizigo. Mpaka wataalamu waliposema sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka, ikashuka tope na mawe na miti. Msiba ulikuwa ule ule, Mungu awarehemu wale wote, lakini mtu ukishajua mlima umemeguka kwa maji unajua mwakani utazame nini, mvua na mikondo ya maji. Ukiambiwa volkano utatazama moshi.

Ninapokwama ni hapa. Kuna kipande baada ya daraja la magogo, ardhi haijatitia, maana ikititia inashuka moja kwa moja unaona shimo, na tope sio. Juu pakavu kabisa, ukikanyaga panabonyea halafu panarudi, na lori likipita unaona njia yote inacheza. Nimeandika "ardhi tepetepe" nikafuta, nikaandika "imelegea" nikafuta. Wewe ungeandikaje? Mwalimu wetu wa Kiswahili angejua, kama bado unawasiliana naye muulize.

Na sasa kuhusu wewe. Ile meseji yako ya juzi, "mambo sio shwari huku", halafu kimya. Shoga mimi siwezi kulala na neno kama hilo. Sio shwari vipi? Kama kazi inasuasua, mshahara unachelewa lakini unakuja, hilo tunavumilia tunasaidiana. Kama ofisi inayumba na watu wanapunguzwa hilo jingine, uanze kutafuta sasa hivi. Kama ni yule bwana na nyumba ndo inalegalega, niambie pia, sitamwambia mtu, hata mama sitamwambia. Kila kitu kina msaada wake na mimi nataka kuleta ule unaofaa, sio nikutumie pole wakati wewe ulihitaji nauli.

Kwa hiyo nijibu yote. Ni kazi au ni nyumbani? Unakula vizuri? Yule dada mliyekuwa mnapanga naye bado yupo au umebaki na kodi peke yako? Barua nimekutumia picha zake nne, zinasomeka? Nianze na korongo ndo kubwa au na ule mteremko wa shule kwa sababu ya watoto na wajawazito? Na Iddi unakuja? Basi la Babati litakushusha Kolo, ila kutoka hapo kupanda huku hamna gari kwa sasa, niambie mapema nimpange yule boda mzee anayeendesha taratibu.

Wako,
mimi yule yule wa Kondoa