Gunia la korosho lina karatasi, ushauri hauna

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia nilikuwa bado kazini. Nimenyamaza miaka mingi, ila ile habari yenu kwamba mkulima wa Kusini siku hizi hahitaji kumuuliza mtu kwa kuwa elimu yote iko kiganjani imeniinua mkekani. Aliyeiandika hajawahi kupuliza salfa kwenye mkorosho.

Mwezi wa saba, mikorosho yangu huku Newala ikianza kutoa maua, shemeji yangu alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Sauti nzito ya mtu anayejiamini: chukua salfa ya unga, koroga na maji, tia sabuni kidogo, puliza, ubwiriunga (ule ukungu mweupe wa majani na maua) kwaheri. Jina hakutaja, wala mahali, wala zao. Kulikuwa na kile kialama tu cha kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, na kwetu hicho ndicho mhuri.

Nikafuata. Mhariri, unga ule haulowani! Ulielea juu ya ndoo, njano tupu, nikakoroga kwa kijiti mpaka bega likauma. Unazama kidogo, unapanda tena. Nikaumimina hivyo hivyo kwenye bomba la kukodi. Mti wa tatu, pua ya bomba ikaziba. Mwenye bomba akadai fidia mbele ya watoto wangu, nikalipa. Na salfa ya unga hupulizwa kavu, alfajiri, majani yana umande na upepo umelala. Hilo nalijua tangu sijaoa, na ndilo linaloniuma: nilijua, nikaiamini simu. Wiki iliyofuata maua yalikuwa meupe kama yamemwagiwa sembe. Baadaye mpwa wangu aliyeko Dodoma akausikiliza ule ujumbe, akacheka mpaka akakohoa. Ni kipande cha mwisho cha maelezo ya zabibu, na salfa inayosemwa ni ile nyingine, iliyotengenezwa ichanganyike na maji. Kuna mtu alikata mwanzo ili ujumbe uwe mfupi. Kichwa kikabaki Dodoma, kiwiliwili kikaja Newala kuniulia maua.

Mimi nimepanga vitabu maktaba miaka 26. Tulitumia namba za mada za Dewey, Mmarekani aliyezitoa mwaka 1876, na sizitetei zote. Uislamu mzima aliubana kwenye 297, Ukristo akaupa karibu ukumbi wote. Lakini zabibu aliziweka 634.8, na jamii ya korosho 634.5. Rafu moja, majirani kabisa, na hakuna aliyewahi kuzichanganya, maana kila kitabu kina mwandishi, mwaka na namba mgongoni. Ukienda kuchukua kimoja unakutana na cha jirani ambacho hukujua kama kipo. Sasa anayepanga ni wingi wa vidole: kilichobonyezwa sana kinakaa juu, na cha mtafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa hapa mkoani, kinakaa chini ambako bando langu la siku haliwezi kufika.

Tena mjukuu wangu. Aliulizwa shuleni jina la yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na babu zetu mpaka bandarini Lindi, na leo amesimama Berlin. Akaandika Giraffatitan. Akakosa. Mwalimu alikuwa na ukurasa unaosema Brachiosaurus, jina alilopewa 1914 kabla wataalamu hawajaligeuza. Kurasa zote mbili ziko simuni, ubavu kwa ubavu, na huo wa mwalimu hauna tarehe. Mtoto kalia. Mjusi mwenyewe tumenyang'anywa, hata jina lake tugombane?

Pendekezo langu ni hili. Korosho zikifika ghalani hupimwa, hupewa daraja na kuandikiwa stakabadhi ndipo ziende mnadani. Basi kila chama cha msingi cha wakulima kiweke karani wa ujumbe, Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri. Ujumbe wa kilimo ukiingia, aandike: nani kasema, lini, wapi, zao gani. Ukikosa mawili, daraja la pili. Ukikosa yote manne, usikilizwe na shemeji yangu peke yake.

Kazi hiyo naiomba mimi. Stempu ya tarehe ninayo, niliyostaafu nayo (asiniulize mtu). Gurudumu la miaka limeishia 2015, lakini nimeambiwa Masasi kuna fundi anayabadilisha.

Mkutubi mstaafu,
Newala, Mtwara